Hapa Mwalimu Ataeleza

Ofisi ya Masomo ya Mtandaoni,
Moi Avenue, Nairobi.
8 Mei 2006

Mwalimu wangu Phoebe,

Hujambo? Najua utacheka. Mimi niliyeajiriwa kupeleka masomo mtandaoni nakuandikia kwa karatasi, na karatasi yenyewe inaletwa Loresho na tarishi ndani ya basi la wafanyakazi. Lakini mtandao wa tawi lenu umelala tangu Pasaka, na hata ungekuwa macho, Msajili wetu haamini neno ambalo halijapigwa muhuri. Basi tuandikiane tu hivi, kama wapenzi wa zamani.

Seneti ya Chuo imeamua. Kila idara inayofundisha walimu walio kazini iwe na kozi moja mtandaoni kufikia Novemba. Idara isiyokuwa nayo haitapewa wanafunzi wapya Januari. Ninyi wa Elimu ya Msingi mmepangiwa "Kufundisha Madarasa Makubwa," na nimefurahi, maana ndiyo inayohitajika zaidi. Tangu elimu ya bure ianze, kuna walimu huko Marsabit wenye watoto mia moja chumba kimoja. Hawawezi kuwaacha watoto hao ili wenyewe waje wakae Nairobi wakijifunza jinsi ya kuwafundisha.

Semina tulishafanya. Nilionyesha watu slaidi tangu asubuhi, wakala kuku, wakatia sahihi, wakaenda. Wewe ulikaa nyuma ukisahihisha mitihani, nilikuona! Sasa nahitaji maandishi ya kozi hiyo, yote, masomo kumi. Ulinifundisha nikiwa msichana asiyejua hata kushika chaki, kwa hivyo nikikuamrisha leo unisamehe.

Mwanafunzi wako,
Milcah Nyawira

Idara ya Elimu ya Msingi,
Tawi la Loresho.
24 Mei 2006

Milcah mwanangu,

Nilisahihisha mitihani kwenye semina yako kwa sababu mitihani haisahihishwi na malaika. Na kuku alikuwa mgumu.

Sikiliza. Idara nzima ina kompyuta moja. Iko kwa sekretari wetu Anita, ambaye huifunika kwa kitambaa cha kushona kama redio ya sebuleni, na hapendi iguswe. Wahadhiri wangu wanafundisha kutwa na hakuna aliyepunguziwa kipindi hata kimoja. Ninyi mmetuma agizo. Mkitaka kozi, leteni mtu wa kukaa nasi hapa, si siku moja, mpaka tujue kutembea wenyewe. Tena punguzieni vipindi yule anayeandika.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Mwenye kozi hiyo ni Bwana Kuria Ngui. Alikuja baada yako kuondoka, hamjuani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Dagoretti, akastaafu, tukamchukua kama mhadhiri wa muda. Hakuna anayemfikia. Walimu wengine huja kusikiliza mihadhara yake wakisimama dirishani. Lakini mkataba wake ni wa muhula kwa muhula, na kila muhula ukiisha anangoja kuambiwa kama atarudi.

Nilipompa agizo lenu alinitazama akasema, "Madam, nikishawapatia kila kitu iingie kwa kompyuta, Januari mtaniitia nini?"

Naomba unipatie jibu la kumpa. Maandishi yakiingia huko ni ya nani? Jina lake litakaa wapi? Ataendelea kulipwa kufundisha, ama mtakuwa mmeshapata mnachotaka? Nijibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Mwalimu wako,
Phoebe Nakhumicha

Moi Avenue.
19 Juni 2006

Mwalimu wangu,

Sema asante! Nimezunguka ofisi za wakubwa mpaka viatu vikalia, na nimekupatia kompyuta mpya ya idara. Anita aishonee kitambaa chake. Pia fundi wetu Sammy atakuja huko kila Jumatano kukaa nanyi. Ni kijana mpole, hatacheka mtu akiuliza jinsi ya kuwasha. Habari ya kupunguza vipindi nimeipeleka, wanasema wataiangalia.

Lile la mkataba wa Bwana Ngui si letu, liko kwa Msajili. Sisi kazi yetu ni kozi. Mwambie asiwe na wasiwasi.

Maandishi yake yamefika kupitia kwa Sammy. Mwalimu, huyu mzee anaandika! Nilianza kusoma nikiwa na chai, chai ikapoa. Lakini mbona kila somo likifika patamu linakatika? Somo la kwanza, saa ya kwanza mbele ya watoto mia: anaeleza chumba, vumbi, kelele, unamwona mwalimu amesimama pale hajui aanzie wapi. Halafu imeandikwa, "Hapa mwalimu ataeleza." Basi. Somo la tatu, mtoto asiyekuja shuleni: vilevile, "Hapa mwalimu ataeleza." Nimegeuza masomo yote kumi na hakuna hata moja lisilo na shimo hilo.

Sasa mtu akiwa Marsabit, ameketi saiba kwenye kompyuta ya kukodi, analipia dakika, ni mwalimu gani atamweleza? Mwombe ayamalizie kabla ya katikati ya Julai. Ni kozi nzuri na sitaki tuchelewe.

Wako,
Milcah

Loresho.
11 Julai 2006

Milcah,

Asante kwa kompyuta. Sammy ni mtoto mzuri, amelelewa.

Kuhusu masomo ya Bwana Ngui, itabidi mngoje. Mwenzetu ni mgonjwa. Ni mgongo, umemlaza, hawezi kukaa akaandika. Sijui atapona lini. Tafadhali waeleze wakubwa wako watupe muda, na jambo hili lisisemwe sana.

Phoebe Nakhumicha

Moi Avenue.
28 Julai 2006

Mwalimu wangu mpendwa,

Pole sana. Nimehuzunika kama ni baba yangu. Mgongo ni kitu kibaya, mjomba wangu wa Nyeri ulimlaza mwaka mzima.

Lakini usihangaike tena, nimelitatua. Nimemwandikia Msajili kwamba Bwana Ngui hajiwezi, na nikapendekeza Joyline, yule msichana wenu wa uzamili, ajaze sehemu zilizobaki ili mzee apumzike bila presha. Joyline ni mwerevu na ana vitabu vyote. Msajili amekubali mara moja, na wewe unajua jinsi barua zake hukawia. Hii aliijibu wiki hiyo hiyo.

Na Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda kumwona mgonjwa. Watu wa ofisi wamechanga kwa moyo: unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya kipande na mkate. Sammy atatuongoza kwa maombi. Joyline anakuja pia, anasema anapajua kwake Mutuini, nyuma ya kanisa. Ungependa tukupitie?

Wako akupendaye,
Milcah

Loresho.
31 Julai 2006

Milcah,

Msiende Mutuini. Nakuomba. Bwana Ngui hataki wageni, daktari amekataza hata kelele. Vitu vyenu leteni kwangu, nitamfikishia.

Na hiyo barua kwa Msajili, je, inaweza kurudishwa? Ungeniuliza kwanza. Nijibu leo leo, mpe tarishi mkononi.

Phoebe

Moi Avenue.
7 Agosti 2006

Mwalimu Phoebe,

Barua yako ya kunizuia nimeipata asubuhi ya leo, Jumatatu. Tarishi alikuwa ameenda kuzika kwao. Sisi tulienda Jumamosi.

Nitakueleza tulichokuta, ingawa nadhani unakijua. Tuliingia langoni, mimi, Joyline na Sammy, kila mtu na mfuko wake. Mama Hannah, mkewe, alikuwa anaanua nguo. Alipotuona na ule unga na sukari, nguo zikamwanguka. "Uuui! Ni nani ameaga?"

Kutoka juu tukasikia sauti: "Hao ni wageni wa harusi ama wa matanga?" Tukainua macho. Bwana Ngui alikuwa juu ya paa la vyumba anavyojenga vya kupangisha, misumari mdomoni, nyundo mkononi.

Nikasema, "Tumekuja kukuona, Mwalimu. Tuliambiwa uko mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Mgongo," Joyline akasema.

Alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. Akashuka ngazi kama kijana. "Mgongo gani? Huu umebeba mabati tangu asubuhi?" Halafu akauliza aliyetuambia ni nani, na Joyline, kwa vile bado ni mtoto, akakutaja. Mzee akaacha kucheka.

Tuliwekewa viti. Sammy aliyekuwa amejitayarisha kuombea mgonjwa akaishia kubariki chai. Bwana Ngui akamgeukia Joyline kwa upole, nafikiri alitaka tu kubadilisha mazungumzo. "Na wewe, siku hizi unafanya nini pale idara?"

"Namalizia zile sehemu uliacha, Mwalimu. Ndiyo upumzike."

Sijawahi kuona mtu mzima akitazama kikombe namna ile. Hakugomba. Alisema tu, "Kwa hivyo tayari." Mama Hannah alitufungia viazi twende navyo. Wewe fikiria, sisi ndio tulirudi na zawadi!

Leo mezani nimekuta nakala ya barua ya Msajili. Mkataba wa Bwana Ngui hautafanywa upya, "kwa sababu za kiafya," na chanzo cha habari ni mimi. Nina hasira na wewe, Mwalimu. Umenifanya nimfukuze mtu mzima na afya yake, tena nikijisifu kwamba ni wema. Kwa nini?

Milcah

Loresho.
14 Agosti 2006

Milcah mwanangu,

Una haki ya kukasirika, na mimi sijalala vizuri tangu niisome barua yako. Lakini umeuliza kwa nini, basi usikie.

Hakukataa kufundisha. Alikataa kutoa kila kitu bila kuambiwa kesho yake itakuwaje. Yale mashimo aliyaacha kwa makusudi, na nilijua. Mwezi wa Julai ulipodai yajazwe, nilikuwa na maneno mawili tu ya kukuandikia. Ningesema amekataa, angefutwa kabla ya chai ya saa nne. Hapa Chuoni mtu wa muda akikataa agizo la Seneti hana wa kumtetea. Nikaona niseme ni mgonjwa, kwa sababu mgonjwa huonewa huruma na kungojwa. Nilijua watu watainamisha vichwa na kusema pole. Sikujua utakuwa na huruma ya mbio hivyo.

Nilidanganya, na ubaya wake ni wangu. Ila na wewe jiulize. Mwezi wa Mei nilikuandikia wazi: maandishi ni ya nani, jina litakaa wapi, je, atalipwa? Wewe ukanitumia kompyuta. Ningekuwa na jibu la karatasi moja lenye muhuri, mzee yule angejaza mashimo yote kwa furaha, maana hakuna kitu anachopenda kama kueleza.

Jana nilikwenda Mutuini. Nililia mbele yake kama msichana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Madam, ungesema tu nimekataa. Hiyo ilikuwa ukweli, na ukweli ningeupigania. Sasa nitapigana na mgongo?"

Leo nimemwandikia Msajili kwamba nilisema uongo. Uongozi wa idara utaniponyoka, najua. Nimeshaanza kutoa vitabu vyangu ofisini. Anita ameniuliza kama tunapaka rangi, nikamwambia ndiyo.

Phoebe

Moi Avenue.
6 Novemba 2006

Mheshimiwa Mwalimu Ngui,

Nakusalimu wewe na Mama Hannah. Viazi vyenu tulivila ofisini kwa aibu na kwa raha.

Nadhani umesikia. Mwalimu Phoebe si Mkuu wa Idara tena. Lakini Msajili anasema barua ya kukuita mgonjwa imo kwenye faili na haiwezi kufutwa na barua nyingine. Anataka ukapimwe na jopo la madaktari ndipo aweze kufikiria mkataba. Nilimwambia hukuwahi kuugua. Akanijibu kwamba basi kupimwa kutakuwa rahisi.

Kozi ilifunguliwa wiki iliyopita. Jina lako nililiweka juu kabisa. Msajili ameagiza liondolewe kwa kuwa huna mkataba. Bado sijaliondoa, na nikiulizwa nasema mtandao umelala.

Nimeandika pia mapendekezo kwa Seneti. Idara isiombwe kozi kabla mwandishi wake hajapewa mkataba unaosema kazi ni ya nani na atafundisha mpaka lini. Apunguziwe vipindi. Fundi akae naye. Na ofisi yetu imfuate mwandishi mwenyewe alipo, isipitie kwa mtu. Sijui kama watasoma. Ningeyaandika mwezi wa Mei, yangekuwa na maana zaidi.

Sasa naja kwa shida yangu. Mwalimu mmoja wa Marsabit, anaitwa Nashon, ameandika mtandaoni. Ana watoto mia moja na kumi, na kila wiki wanapungua. Amesoma somo la tatu, "Mtoto Asiyekuja," mpaka pale ulipoacha shimo. Joyline alikuwa amejaza, "Mwalimu ahakikishe mahudhurio mema." Nashon ameuliza, "Nihakikishe vipi?" Joyline alikuja kwangu akilia. Anasema aliandika kilichomo vitabuni, na vitabuni hamna.

Sina haki ya kukuomba chochote, na sina cha kukulipa. Ila naomba nikuulize wewe mwenyewe: pale palikuwa na nini?

Kwa heshima,
Milcah Nyawira

Mutuini.
20 Novemba 2006

Milcah,

Barua yako imefika. Hannah anakusalimu na anauliza kama Sammy ameoa.

Tangu mwezi wa Mei mmeandikiana habari zangu nyingi, na wewe ndiye mtu wa kwanza wa Chuo hicho kuniuliza mimi. Kwa hiyo nitakujibu.

Mwandikie Nashon hivi. Katika darasa la watoto mia, mtoto aliyekuja hujipigania. Atalia, atacheka, atampiga jirani, utamwona tu. Unayempoteza ni asiyekuja. Utaita jina lake, kutakuwa kimya, halafu mtoto mmoja atasema, "Mwalimu, ni mgonjwa." Watoto wote husema hivyo, kwa sababu mgonjwa haulizwi zaidi. Usiandike hivyo kwenye rejista. Aliyesema ni rafiki yake na anamkinga, pengine anamkinga na wewe. Usimpige, ana moyo mzuri. Lakini jioni pita nyumbani kwa yule asiyekuja. Usimwulize mama, usimwulize jirani, mwulize mtoto. Mara nyingi utamkuta ni mzima kabisa. Hana sare, au analea mdogo wake, au anakuogopa. Akiwa anakuogopa wewe, usimwambie ajirekebishe. Kajirekebishe wewe, halafu kesho yake uite jina lake kabla ya mengine yote.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikieleza pale. Ni machache, lakini sijayaona kwenye kitabu.

Madam Phoebe huja hapa Jumapili baada ya kanisa na Hannah humpa sukuma wiki. Nilimkasirikia sana na bado hasira haijaisha, ila ananywa chai yetu. Nilimpenda kama mkuu kuliko wote niliofanya kazi nao, na inaniuma kwamba alianguka kwa ajili yangu. Joyline naye mwambie aje Jumamosi, asilie. Hakuna aliyemfundisha, na mtu hawezi kujaza shimo ambalo hakulichimba.

Kwa madaktari sitakwenda. Miaka arobaini nimesimama mbele ya watoto, na sitavua shati nionyeshe mgongo wangu ili nithibitishe kwamba mtu alidanganya na mwingine akaamini. Usiku huwa naamka nikifikiri nitasimama wapi mwezi wa Januari, hilo sikufichi. Hivi vyumba vitakuwa na wapangaji, nitakula. Lakini mpangaji hafundishwi.

Somo la tatu nimempa Nashon bure, kwa sababu watoto wake hawana makosa. Yale mashimo mengine tisa, futa aliyoyajaza Joyline na urudishe maneno yangu yakae kama nilivyoyaandika: Hapa mwalimu ataeleza. Msajili akikuuliza ni mwalimu gani, mwambie aje amwulize mwenyewe. Yuko Mutuini, nyuma ya kanisa, na ni mzima.

Kuria Ngui